Dawa Unaiweka Wapi?

Ukitaka kujua kama mgonjwa anameza dawa yake, usimwulize kama anameza. Atasema ndiyo. Wote husema ndiyo. Nimeambiwa ndiyo na watu ambao pakiti zao zilikuwa bado na harufu ya kiwanda. Padri mmoja aliniambia ndiyo akinitazama machoni, na dawa yake alikuwa ameisahau Bukavu tangu wiki tatu.

Mwulize hivi: "Dawa unaiweka wapi?"

Anayemeza atajibu kabla hujafunga mdomo. "Kwa kabati ya vikombe." "Chini ya mto." Wengine hata hawasemi, mkono unaanza wenyewe kuelekea kwenye mkoba. Asiyemeza atatazama dari. Nimeona watu wengi wakitazama dari ya chumba chetu, na nawahakikishia hakuna kitu cha kutazama pale, isipokuwa alama ya maji ya mvua.

Mimi ni mama wa Bukavu niliyezeekea Goma. Watu huniita Mama Nsimire. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, na kumi na miwili ya mwisho nilikaa nyuma ya dirisha dogo la vidonge, upande wa wagonjwa wa kansere, katika hospitali moja ya mjini hapa. Sasa nimestaafu, niko Himbi, napanda vitunguu kati ya mawe ya volkano. Mkuu wa wauguzi ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza, mnaovaa bluzi nyeupe ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Alisema niandike ukurasa mmoja. Hakunijua vizuri.

Swali lile si langu. Nilipewa na Muzee Bahati, aliyekuwa kwenye dirisha kabla yangu. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi wa kushonea vidonda, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Wiki yangu ya kwanza alikuja mama mmoja aliyekuwa ameacha dawa miezi miwili. Nilimkemea. Nilimweleza ugonjwa wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikamwonyesha makosa yake moja baada ya jingine, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa tu: ndiyo mama, ndiyo mama. Alipotoka nilijisikia nimefanya kazi.

Muzee Bahati alikuwa anakunywa chai.

"Nsimire," akasema, "wewe uko avoka ao infirmière?"

"Infirmière, muzee," nikajibu. Muuguzi, si wakili.

"Basi umeshinda kesi, umepoteza mugonjwa. Huyu mama harudi tena."

Na kweli hakurudi. Nilimtafuta mpaka Katindo, nikaambiwa amehama. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo: ukijisikia umeongea vizuri sana na mgonjwa, ogopa kidogo.

Sasa tuongee kuhusu kidonge chenyewe, maana kuna wenu waliopewa dirisha hili bila kuelezwa. Saratani ya titi, ambayo sisi hapa tunaiita kansere, kwa wanawake wengi hulishwa na homoni ambazo mwili wa mwanamke unazitengeneza wenyewe. Kidonge huzizuia zisiufikie ugonjwa, na ugonjwa unakaa na njaa. Ukiwa umeshatoka kwenye titi na kuingia kwenye mifupa au ini, kidonge hakiufukuzi, kinaulaza. Unaweza kulala miezi, unaweza kulala miaka. Lakini unalala kwa kidonge kilichomezwa leo, na kesho, na keshokutwa. Kilicho ndani ya pakiti hakimlazi mtu wala ugonjwa.

Shida ya kwanza ni kwamba ni kidogo. Watu wetu wanaheshimu sindano. Wanaheshimu sana serumu inayoning'inia kwenye mti wa chuma, kwa sababu hata jirani akija kukutembelea anaiona. Lakini kidonge kimoja cheupe? Mama mmoja kutoka Masisi alikiweka kwenye kiganja, akakizungusha, akaniuliza:

"Na zingine?"

"Njo hiyo tu, mama."

"Kwa ugonjwa yenye imekula mufupa? Mama, hata kuku yangu inakulaka zaidi ya hii."

Nilikuwa tayari kuanza somo. Muzee Bahati akanipita, akainama dirishani. "Mama, ufunguo ya nyumba yako iko na kilo ngapi?" Yule mama akautoa ufunguo kifuani, akautazama, akacheka mpaka wenzake kwenye benchi wakauliza kuna nini. Alimeza dawa ile kwa muda mrefu sana, na kila alipokuja alinionyesha ufunguo badala ya kunisalimu.

Nilikuwa na kaye, daftari kubwa la jalada gumu. Upande wa kushoto jina na tarehe, kulia nilijichorea mstari wangu mwenyewe nikaandika juu yake "Sababu". Mtu akiacha dawa, sikuandika "mkaidi", wala "hajasoma". Niliandika alichosema. Mkifanya hivyo mwaka mmoja mtashangaa. Mtadhani sababu kubwa ni maumivu ya viungo, au kichefuchefu, au barabara kufungwa na dawa kukosekana, na hizo zipo kweli. Lakini katika kaye yangu kuna mahali pameandikwa neno moja tu: "Blanketi."

Alikuja mzee mmoja saa sita mchana, jua limewaka, yeye amevaa koti la sufu na kofia ya kufunika masikio. Mgonjwa alikuwa mke wake.

"Mama," akasema, "mimi sina kansere. Lakini hii dawa itaniua mimi wa kwanza."

Kidonge kilikuwa kinamletea mkewe joto, lile joto la ghafla linalopanda kifuani mpaka usoni, ambalo mtaambiwa habari zake kila siku. Kila lilipompanda alifungua dirisha. Na nyinyi mnajua baridi ya Goma. Mzee akaanza kukohoa, na mke, kwa kumhurumia, akaamua kuacha dawa. Yeye joto alikuwa amelizoea. Kilichomshinda ni kikohozi cha bwana. Daktari alibadilisha saa ya kumeza, mimi nikabadilisha vitanda: mama upande wa dirisha na kikwembe, kitenge chepesi cha kujifunika, mzee upande wa ukuta na blanketi mbili za kwake peke yake. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Aliyenifundisha ni koti la sufu.

Nimewaambia haya ili mjue kwamba nilipokutana na Mama Kahambu nilikuwa najiona fundi. Nilikuwa na swali la Muzee Bahati, nilikuwa na kaye, nilikuwa na sifa. Ndiyo maana nataka niwaeleze vizuri jinsi nilivyokosea.

Mama Kahambu ni Mnande wa Butembo, muuzaji wa vikwembe. Siku ya kwanza aliingia ameegemea bega la mumewe, Papa Kambale, dereva wa zamani wa malori ya safari ndefu, ambaye alimwongoza kati ya mabenchi kama anavyoegesha gari: "Kushoto kidogo. Polepole. Simama hapo." Kansere ilikuwa imetoka kwenye titi ikafika kwenye mifupa ya mgongo. Hakuweza kubeba hata kikwembe kimoja, yeye aliyekuwa anabeba balo, furushi zima la vikwembe, kichwani.

Alipewa kidonge. Nilimwuliza swali langu mwezi wa pili, akajibu papo hapo: "Kwa kopo ya majani ya chai. Maji ikichemka, mkono inakutana nayo." Nikaandika kwenye kaye. Mwezi wa tatu alikuja akitembea mwenyewe. Mwezi wa saba nilimwona sokoni na balo kichwani, si kubwa, lakini balo. Mwishoni mwa mwaka picha za mifupa zilikuwa nzuri, daktari akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya kila wiki. Mimi nilimwita Mama Kahambu dirishani nikamwambia maneno haya, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Mama Kahambu, picha ni nzuri. Ugonjwa umelala. Nenda umshukuru Mungu."

Nilipaswa kuongeza sentensi moja. Sikuongeza.

Kwetu Wakatoliki wa huku, mtu aliyepata neema kubwa haifichi. Anaomba misa ya shukrani. Familia nzima inavaa kikwembe cha aina moja, inapeleka matoleo altareni, ndizi, mchele, kuku aliye hai, na yule aliyepata neema anatangulia akicheza njia yote ya katikati. Halafu watu wa shirika, ile jumuiya ndogo ya nyumba jirani zinazosali pamoja, wanakuja kula nyumbani. Mama Kahambu alinialika. Papa Kambale alichinja mbuzi aliyeletwa kutoka Lubero, na kwa muda wa juma zima hakuongea kitu kingine ila huyo mbuzi.

Kanisani Mama Kahambu alipewa kipaza sauti. Akasema, "Nilikuwa mugonjwa wa kubebwa. Leo nimepona!" Kanisa likalipuka. Nilisikia neno "nimepona" kwa masikio yangu mawili, na mimi, muuguzi wa kansere, nikapiga vigelegele. Nyumbani kwake nilicheza mpaka kiatu kimoja kikatoka kikaingia chini ya meza ya vinywaji.

Baada ya hapo aliendelea kuja kila mwezi bila kukosa. Dirisha likifunguliwa, yeye wa kwanza. Anachukua pakiti yake, anauliza habari za watoto wangu, anaondoka. Katika kaye hakukuwa na mstari msafi kama wake. Nilimtaja kwa wanafunzi. Nilisema, "Mkitaka kuona mgonjwa, tazameni yule."

Mwezi wa tano baada ya misa nilimwona akikaa. Msicheke. Mtazameni mtu anapokaa. Ndiyo picha ya kwanza, kabla ya ile ya mashine. Mama Kahambu aliweka mkono kwenye meza, akajishusha juu ya mkono ule, halafu akatabasamu upesi ili nisione. Nikamwuliza kwa utani tu:

"Dawa unaiwekaka wapi siku hizi?"

"Nyuma ya sanamu ya Mama Maria, kwa meza ya salon," akajibu. Haraka, bila dari.

Alipoondoka nilifungua kaye ya mwaka uliopita. Kopo la majani ya chai. Nilikaa nikilitazama lile kopo. Mtu anayemeza kila siku ameshajenga njia kati ya mkono na dawa. Haihamishi bila sababu. Na salon, yaani sebule, si mahali pa kumezea kitu. Salon ni mahali pa kuonyesha wageni.

Jumamosi hiyo nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda Keshero. Nyumba yao ni ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi, imepakwa rangi ya kijani. Papa Kambale alikuwa nje anafungua kwa bisibisi redio iliyokuwa nzima. Aliponiona akaita kwa sauti:

"Mama Kahambu! Infirmière yako huyu hapa! Umwambie leo hakuna mbuzi!"

Tuliingia. Sanamu ilikuwa pale, ya buluu, imechubuka pua, na maua ya plastiki miguuni. Nikasema ningependa kuona dawa. Papa Kambale ndiye aliyeinyanyua sanamu kwa mikono miwili, kwa fahari.

"Angalia, mama. Hakuna hata moja yenye ilipotea."

Zilikuwa pakiti tano, zimepangwa kama matofali. Hakuna iliyofunguliwa. Yeye maskini alidhani ni akiba.

"Mama Kahambu," nikasema, "hii ni nini?"

"Ni dawa."

"Naona ni dawa. Juu ya nini haiko tumboni?"

Alitengeneza kikwembe chake kiunoni. "Mama Nsimire, wewe ulikuwa kwa misa."

"Nilikuwa."

"Ulinisikia niliposema nimepona."

"Nilikusikia."

"Ukapiga vigelegele."

"Nikapiga."

"Sasa kesho yake asubuhi maji ilichemka, nikashika pakiti mupya mukononi. Nikajiuliza, mutu mwenye amepona anamezaka dawa ya nini? Nikimeza, njo kusema nilidanganya Mungu mbele ya kanisa nzima. Na kuitupa ni kutukana daktari. Nikaipeleka kwa Mama Maria, aichunge."

"Na juu ya nini ulikuwa unakuja kuchukua zingine?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anasalimu wakubwa. "Ningeacha kuja, ungesikia vibaya. Ulicheza kwetu mupaka kiatu kikatoka."

Papa Kambale alikuwa bado ameshika sanamu. "Kwa hiyo mbuzi yangu…"

"Wewe nyamaza na mbuzi yako!" tulisema wote wawili kwa pamoja.

Nikamwuliza habari za mgongo. Akasema uko sawa. Nikamwambia asimame. Alisimama kwa kushika ukuta, na hapo hata Papa Kambale akaiweka sanamu chini.

"Tangu lini?" akamwuliza mkewe.

"Wiki tatu." Akauegemea ukuta. "Labda sita."

Jumatatu tulikwenda kwa daktari, wote watatu. Picha ilionyesha ugonjwa umeamka, na umeonja mahali papya, kwenye nyonga. Daktari hakukemea. Alisema tutarudisha kidonge kilekile, kwa kuwa hakikushindwa, kilikataliwa tu. Lakini hakuahidi kwamba ugonjwa utakisikia kama mwanzo. Tutajua baada ya miezi mitatu. Akaongeza kwamba nyonga ile, ugonjwa ukiendelea kuila, itavunjika, na hapo hatutaongea tena habari za balo kichwani. Tutaongea habari za kitanda.

Kwenye korido Mama Kahambu alinivuta mkono.

"Nitameza. Lakini nyumba yangu unaijua. Wamama wa shirika wanaingiaka asubuhi, wanaingiaka mangaribi. Wakinikuta na kidonge mukononi, nitasema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Ningeweza kumfundisha kumeza kwa siri. Lakini dawa ya siri husahaulika. Leo kuna mgeni, kesho kuna wageni wawili, keshokutwa umezoea kutomeza. Neno "nimepona" lilikuwa limesemwa mbele ya watu, basi na lile lililobaki lingepaswa kusemwa mbele ya watu walewale. Na wa kuanza kulisema nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeikata sentensi.

Shirika lao lilikutana Alhamisi alasiri, uani kwa Mama Prezidenti. Huyo ndiye kiongozi wao, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa ziwa, muuzaji wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye hata sala ya kimya anaiongoza kwa kelele. Baada ya masomo aliuliza kama kuna matangazo. Nikasimama.

"Mimi ni infirmière wa Mama Kahambu," nikasema. "Nilikula na ninyi, nilicheza na ninyi. Mimi njo nilimwambia aende kushukuru. Sikumwambia kwamba ugonjwa umelala tu, na kwamba kinachoulaza ni kidonge cha kila siku. Kosa ni langu."

Nikakaa. Mama Kahambu akainuka polepole, akishika kiti cha mbele.

"Ile shukrani siirudishi," akasema. "Mungu alinifanyia, nikamushukuru, imeisha. Lakini nilisema nimepona, nikaacha dawa, na sasa ugonjwa imeamka. Ilifaa niseme hivi: niko muzima leo, na leo nimemeza. Kesho nitasema tena ya kesho."

Kuku alipita katikati yetu, na hakuna aliyemfukuza. Nilimtazama Mama Prezidenti, kwa maana pale uani uso wake ndio uliokuwa unasubiriwa na wote. Yeye alimtazama Mama Kahambu kwa muda, halafu akauliza kwa sauti yake ileile:

"Kwa hiyo mbuzi turudishe?"

Sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma: "Mimi nilikula miguu tu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Papa Kambale alisimama akasema mbuzi ilikuwa yake na anaisamehe kwa wote, hata kwa walioficha nyama kwenye mifuko, na majina anayo. Kicheko kilipotulia, Mama Prezidenti aliingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na vidonge.

"Sukari," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. "Miaka saba. Namezaka jikoni, mulango nimefunga. Hata bwana yangu anajua ni ya kichwa."

Bwana yake alikuwa amekaa pembeni. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Tangu juma lile ikawa hivi: kengele ya asubuhi ya parokia ikilia, Mama Prezidenti anaita kutoka upande wa pili wa uzio, "Mama Kahambu, umemeza?" Na Mama Kahambu anajibu, "Nimemeza! Na wewe?" Avenyu nzima inasikia. Mpangaji mmoja mgeni aliniuliza hiyo ni salamu ya kabila gani.

Ile miezi mitatu ilikuwa mirefu. Kila mwezi nilimtazama akikaa kabla ya kumtazama usoni. Mwezi wa kwanza mkono mezani. Mwezi wa pili mkono mezani. Mwezi wa tatu alikuja na kikapu, akakaa, akanisalimu, akaanza kuninong'oneza habari za jirani, na mimi nikawa simsikii kabisa, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado umeshika kikapu. Daktari aliitazama picha mara mbili. Akatabasamu tena, hata mwaka haujaisha tangu mara ya kwanza, nikaogopa kwamba ataumwa.

Safari hii nilisema sentensi nzima. "Ugonjwa umelala. Nenda ushukuru. Na kesho asubuhi umeze." Niliwaambia wote hivyo mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na nyinyi semeni hivyo. Mkipata habari njema ya kumpa mgonjwa, msimwache aondoke na nusu yake.

Sitaki kuwadanganya. Wapo waliomeza kila siku, bila kukosa hata moja, na ugonjwa ukatafuta njia nyingine. Wengine daktari aliwabadilishia kidonge wakaendelea, wengine tuliwasindikiza makaburini. Yule mama wa ufunguo ni mmoja wao. Binti yake aliniletea ule ufunguo nikaushike kidogo, halafu akaurudisha nyumbani. Kidonge hakimdai mtu ushindi. Kinamwomba siku moja moja tu, na siku hizo ni zake, za kuuza vikwembe, za kugombana na bwana, za kuona wajukuu.

Siku hizi mna simu zinazotuma ujumbe: mama, saa ya dawa imefika. Ni kitu kizuri, nami ningekuwa nacho ningekitumia. Lakini simu haioni mkono ulioegemea meza, wala haikumbuki kopo la majani ya chai. Endeleeni na kaye. Andikeni jibu, na mwezi ujao mlisome tena kabla ya kuuliza.

Mimi nilipostaafu, daktari huyohuyo alinipima akasema tension, yaani presha, iko juu. Akanipa kidonge, kimoja, kidogo, kila asubuhi. Nilimeza mwezi mzima. Kichwa kikawa chepesi, vitunguu vikastawi, nikajisikia vizuri. Mnaona ninakoelekea.

Wiki iliyopita Mama Kahambu alinipigia simu. Huu ni mwaka wake wa sita tangu tulipoinyanyua ile sanamu. Amebadilishiwa kidonge mara moja, na bado anajibizana na uzio kila asubuhi.

"Sauti yako imechoka," akasema. "Dokta alikupatia nini?"

"Kidonge ya tension."

"Unamezaka?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilisikia redio ya Papa Kambale nyuma yake.

"Unaiwekaka wapi?"

Nikatazama dari.

"Nakuja," akasema.

Alishuka kwenye moto mlangoni kwangu bila kushika bega la mtu. Hakutaka chai. Alianza na kabati ya vikombe, akafungua kopo la sukari, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda, akainuka, akainama tena kwenye sanduku la nguo, huku akinitukana kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwamba infirmière mzima, kwamba aibu gani hii. Alipofika kwenye rafu ya chini nilikumbuka: kidonge kilikuwa ndani ya mkoba wangu wa misa, umening'inia nyuma ya mlango.

Sikusema. Nilikaa kwenye kiti nikamwacha atafute, ili nimtazame akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka.